Mkono wa Kulia

Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu Mawingu,

Najua barua zangu hukufikia zikiwa zimechoka, maana hilo lori la mahitaji hupanda mlimani siku likipenda. Hii isome ukiwa umekaa.

Mwanao anakwenda kupimwa. Usishtuke, si damu. Kuna mama anayezunguka shule hadi shule na mkoba wa vipande vya mbao vya rangi. Hukaa na mtoto mmoja mmoja, humpa maswali na michezo, kisha huandika mtoto huyo anajifunzaje na anakwama wapi. Watoto wamembatiza Bi Vipande. Mwalimu wa darasa la pili ndiye aliyemwita kwa ajili ya Pindo. Anasema mtoto ni msikivu, hasumbui, lakini kusoma hakuendi. Mwaka jana alikuwa wa mbele kabisa. Mwaka huu akipewa kitabu anasoma vitu ambavyo havimo. Mwalimu hakusema mjinga. Alisema "mzito", halafu akaangalia dirishani.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Mwalimu Mkuu anasema majibu yakiwa mabaya, Pindo atahamishiwa shule ya bweni ya watoto wanaojifunza polepole, safari ya siku nzima kutoka hapa. Ni shule nzuri, anasema, ina bustani. Nikamuuliza, bustani hiyo itamsuka nywele? Akacheka. Mimi sikucheka. Nimeambiwa nianze kutafuta sanduku la bati na kushona jina la mtoto kwenye kila nguo. Mimi, fundi wa cherehani wa miaka yote hii, uzi umenigomea kuingia kwenye sindano.

Mkeo alipofariki ukaomba kazi ya kupima hali ya hewa huko juu, sikukusema. Kila mtu hubeba msiba wake kwa bega lake. Lakini mtoto uliyeniachia aking'ang'ania pindo la gauni langu, hata tukampa jina hilo, sasa ananifika kifuani, na hujamwona tangu kabla hajaanza shule. Wala halii, ujue. Tangu uondoke sijamwona akilia hata mara moja. Anakaa mlangoni, anaangalia juu, ananiambia, "Shangazi, wingu lile limetoka kwa Baba."

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Njoo.

Dada yako, fundi


Alhamisi, 14 Februari

Dada,

Leo tumeamka ndani ya wingu. Nimetoka kusoma kipimo cha mvua nikapapasa ukuta kama kipofu, na nilipofika sikuona hata namba. Vile vikombe vinavyozunguka kupima upepo vilikuwa vinalia juu ya kichwa changu bila kuonekana. Jambo la ajabu la kazi hii ni kwamba ukiwa ndani ya wingu huwezi kulieleza. Umbo lake wanalijua walioko mbali.

Unasema mtoto mzito. Huyu aliyeniuliza akiwa na miaka mitano kama kivuli kinalowa mvua ikinyesha? Sikumjibu mpaka leo, bado natafuta jibu. Mwambie huyo mama wa vipande amuulize maswali mazuri.

Kuja nitakuja. Mwenzangu yuko likizo, na vipimo haviwezi kukaa bila mtu. Labda mvua zikipungua. Usinune, dada. Nakuona hapa ukinuna.

Mwambie Pindo kwamba mkono wake wa kupunga nauona mpaka huku. Yeye atajua maana yake.

Ndugu yako


Jumanne, 26 Februari

Kwa Shangazi wa Pindo,

Hujambo, mama. Mimi ndiye niliyekaa na mtoto wako wiki iliyopita. Kwa kawaida huandikia shule, shule ikawaandikia wazazi. Safari hii nimeona nikuandikie mwenyewe kabla sijamwandikia mtu mwingine.

Tulikaa katika chumba cha kuhifadhia ramani. Tufe la dunia lililobonyea lilikuwa mezani, na Pindo alilizungusha polepole muda wote tuliokuwa pamoja, kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Nilimsimulia kisa kifupi cha mwanamke aliyepoteza ufunguo sokoni. Alinirudishia chote, bila kuruka kitu, kisha akasema huyo mwanamke lazima aliondoka nyumbani kwa haraka, kwa sababu kisa hakikusema kwamba alifunga mlango. Nimesimulia kisa hicho kwa watoto wengi sana. Sikuwahi kuugundua huo mlango.

Vipande vya rangi alivipanga vizuri. Kumbukumbu yake ya namba ni nzuri. Kusoma, hapana. Na sehemu ya mwelekeo amepata sifuri. Nilimwambia ashike sikio la kulia, akashika la kushoto. Nilimwambia aweke kipande chekundu kushoto kwa cha buluu, akakiweka kulia. Ageuke kulia, akageukia kushoto. Yote hivyo, bila wasiwasi, huku ananitazama kwa huruma kidogo.

Nikijumlisha yote, mtoto yuko chini ya mstari. Kwa utaratibu tulio nao, walio chini ya mstari hupendekezwa kuhamia ile shule ya bweni. Sikufichi. Kamati ya shule inangoja maoni yangu mwisho wa Machi.

Ila kuna kitu kinanikereketa. Mtoto asiyejua kulia na kushoto hubahatisha, na anayebahatisha hupatia kama nusu hivi. Pindo hakupatia hata mara moja. Ili ukose yote namna hiyo, lazima uwe unajua kitu na unakishikilia. Tafadhali, mama, niambie: nyumbani anakula kwa mkono upi? Nimewaza kwamba "mkono wa kulia" kwa mtoto ni mkono wa kulia chakula, na kama ni wa mashoto, basi kulia kwake ni huko.

Wako katika kazi,
Mpimaji


Jumapili, 3 Machi

Mwalimu,

Nimeipata barua yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Mteja aliyekuwa anangoja sketi yake aliondoka bila sketi.

Kwanza nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilisema huyu naye anatoka na mkoba wake wa mbao huko, anakuja kumpigia mwanangu mstari. Halafu nikarudi pale kwenye mlango na ufunguo. Mtu anayetaka kumtupa mtoto hawezi kuandika maneno yale. Kwa hiyo nimekusamehe, ingawa hukuomba.

Pindo anakula kwa mkono wa kulia kama mimi, na kalamu anashika mkono huohuo. Wazo lako zuri lakini halikupiga ndege. Jana tukiwa jikoni nikamwambia, "Nioneshe mkono wa kulia." Akanyanyua wa kushoto. Nikamwambia, "Unakula na upi?" Akanyanyua ule mwingine, akanitazama kama nimeanza kuzeeka. "Sasa huo wa kwanza ni wa nini?" Akasema, "Ni wa kulia, Shangazi," kisha akaurudisha mfukoni. Nikambana. Akasema ni jambo lake na baba yake, na mwalimu wake naye alishamwambia kwamba amekosea, lakini mwalimu hakuwepo siku ile. Siku ipi? Akachukua kikombe, akaenda kuchota maji mtungini.

Na hili sijui kama linakufaa. Kitabuni pameandikwa "mali", yeye anasoma "lima". Pameandikwa "mate", anasoma "tema". Mimi nilicheka, nikadhani ananichezea kinyume, ule mchezo wa kugeuza maneno tuliotumia utotoni na mdogo wangu ili mama asijue tunapanga nini. Nikamjibu, "Haya, tutaendelea shoke," yaani kesho. Hakucheka. Alinitazama, akafunga kitabu, akaenda uani. Ndipo nikajua alikuwa anasoma kweli.

Lakini mwaka jana alisoma vizuri, mwalimu. Baba, mama, kaka, dada, kuku, bibi. Aliyasoma kama maji. Nani ameniharibia mtoto?

Sanduku la bati limeletwa. Nimeliweka nyuma ya cherehani nisilione.

Shangazi


Jumapili, 3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za mawingu sitaki leo. Ulimwambia nini mtoto kuhusu mikono yake? Nijibu kwa lori hilihili, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wanataka kumchukua.

Dada


Jumatatu, 11 Machi

Shangazi mpendwa,

Nimekusamehe na mimi kwa kunisamehe bila kuombwa.

Asubuhi nilikwenda kukaa nyuma ya darasa la Pindo. Jua lilikuwa linaingia kwa pembeni, vumbi la chaki linaelea, na watoto walikuwa na ule usingizi wa asubuhi ambao si usingizi. Mwalimu akaandika sentensi ubaoni, akageuka, akasema kama asemavyo kila siku: "Vidole juu ya mstari. Tunaanza kushoto, tunakwenda kulia." Vidole thelathini na tisa vikaenda upande mmoja. Kimoja kikaenda upande wa pili, kikatulia mwisho wa mstari, kinangoja.

Sikuweza kukaa. Nilitoka nje nikasimama kwenye bomba la maji, nikanawa uso.

Hakuna aliyemharibu, mama. Mtoto wako ni mtiifu kuliko wote mle ndani. Anaanza anakodhani ni kushoto na kwenda anakodhani ni kulia, silabi kwa silabi. Mali inakuwa lima. Na mwaka jana haikuonekana kwa sababu ya yale maneno yako: baba, mama, kaka, dada. Yasome kutoka upande wowote, silabi zinabaki zilezile. Tulimfundisha mwaka mzima kwa maneno yasiyo na mbele wala nyuma, tukampigia makofi, halafu tukageuza ukurasa.

Hayo ninayaamini, lakini kamati haitaki imani yangu. Wataniuliza kwa nini mtoto wa miaka minane ashikilie kosa ambalo mwalimu wake amemsahihisha. Jibu analo baba yake. Amejibu?

Mpimaji


Jumatatu, 18 Machi

Dada,

Lori limesimama nje, dereva anapiga honi, nami naandika juu ya boneti.

Unakumbuka kituo cha mabasi, siku niliyoondoka. Ulikwenda kununua maji. Nikabaki naye. Alikuwa analia kwa mikono yote miwili, amefunika uso wote, na nikaona basi litaondoka bila yeye kuniona na bila mimi kumwona. Nikachuchumaa. Nikautoa mkono mmoja usoni, nikaweka leso yangu ndani yake, ile ya buluu. Nikamwambia: "Huu ndio uwe mkono wako wa kulia. Ukitaka kulia, lia na huu. Ule mwingine uache huru, unipungie nao. Usiichanganye mpaka nirudi."

Alikuwa hajaanza shule. Sikufikiria kama neno hilo lina kazi nyingine duniani. Nilitaka tu mkono mmoja wa kupungiwa.

Akafanya hivyohivyo. Basi lilipoondoka alikuwa amejifuta uso kwa ule wa leso na kunipungia kwa ule mwingine, mpaka tukakata kona. Nami nimekaa huku nikijiambia kwamba mtoto yule ni hodari, ataweza. Na wewe unaniandikia kwamba halii! Analia, dada. Analia kwa mkono mmoja, mahali usipomwona, kwa sababu mwingine uko kazini.

Sijui nilikuwa naogopa nini kurudi. Namwogopa yeye, nadhani. Ana macho ya mama yake. Dereva ananiita. Msomee Pindo barua hii, mwambie nimemruhusu, mikono irudie majina yake.

Ndugu yako


Ijumaa, 29 Machi

Kwa Baba Pindo,

Hatujaonana. Mimi ndiye Bi Vipande. Dada yako amenipa barua yako niisome, na ameniomba nikuandikie mimi, kwa sababu anasema akiandika yeye karatasi itaungua.

Jumanne nilimpima Pindo upya. Sikutaja kulia wala kushoto. Nilisema, "Anza upande wa dirisha, nenda upande wa mlango." Aliweka kidole, akasoma "mali". Akasoma "mate". Akasoma sentensi nzima kuhusu mtu mwenye ng'ombe, polepole, kisha akanyanyua uso na kusema, "Kumbe kitabu hiki kina hadithi." Nilijifanya natafuta kalamu mkobani.

Sitakudanganya. Si yote yaliyotokana na neno moja. Herufi za b na d zinamgeukia, na itachukua muda. Anahitaji mwalimu wa kukaa naye peke yake kila wiki, na vitabu vyenye maandishi makubwa, na watu wasiomharakisha. Hayo yote yanaweza kufanyika hapahapa shuleni kwake, akilala nyumbani kwa shangazi yake. Ndivyo nilivyoiandikia kamati.

Kamati imeniuliza swali la haki. Mwalimu mwenye watoto arobaini hawezi kusema dirisha na mlango kwa ajili ya mmoja, na muhula ujao wanahamia chumba ambacho dirisha liko upande mwingine. Je, mtoto atafuata maneno ya darasa au hatafuata? Wamenipa hadi wiki ya kwanza ya Mei. Asipoweza kufuata, atahama.

Kwa hiyo nilimsomea barua yako, neno kwa neno, kwenye kile chumba cha ramani. Alisikiliza hadi mwisho. Nikamwambia, "Umesikia? Baba amekuruhusu." Akatikisa kichwa. Akasema, "Aliniambia kwa mdomo, aniondolee kwa mdomo. Alisema mpaka arudi." Akazungusha tufe. "Barua si kurudi, Bi Vipande."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sina kipimo cha kitu kama hicho. Najua tu kwamba sitaweza kumfundisha kulivunja neno lako, na sitaki kujaribu.

Mpimaji


Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Chumba chako nimekifagia. Pazia nimeshona jipya, rangi utaisema mbaya, utaizoea. Sanduku la bati bado liko tupu nyuma ya cherehani. Utakapokuja ndipo nitajua niweke nini ndani yake.

Pindo ameniuliza leo kama mtu anaweza kumsahau mtu akiwa ndani ya wingu. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Shoke si mbali.

Dada


Jumapili, 5 Mei

Kwa Bi Vipande,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika mwenyewe. Shangazi amekaa karibu lakini hanisaidii. Amesema nisifute makosa kwa sababu wewe unapenda kuyaona. b na d bado zinanigeukia nikichoka.

Mwalimu wangu wa saa ya ziada ni mzuri. Ananipa herufi za mchanga nazipitishia kidole. Darasa letu limehama na dirisha limehama, lakini mimi sikupotea. Mwalimu akisema tunaanza kushoto naanza na wenzangu. Mwalimu Mkuu alikuja akanisikiliza nikisoma ukurasa mzima juu ya bawati langu. Alimwambia Shangazi kwamba sihami. Shangazi akasema asante, akaenda nyumbani, akajaza vitambaa kwenye sanduku la bati mpaka kifuniko kikakataa kufunga. Alikuwa anaimba.

Sasa nakuambia kuhusu siku ya Baba, kwa sababu nilikuahidi.

Tulikwenda kituoni mimi na Shangazi. Kulikuwa na ukungu na magari yote yalikuwa yanatoka kwenye weupe polepole. Niliogopa kwamba sitamjua. Kisha dasi moja likatoka na kwenye kioo kulikuwa na mtu ameweka uso wake wote hapo. Nilimjua kwa sababu alikuwa ananipungia. Na mimi nikampungia kwa mikono yote miwili. Ule wa kulia haukuwa na machozi ya kufuta siku hiyo.

Akashuka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri. Akachuchumaa kama siku ile, akashika mikono yangu. Akasema, "Nimerudi. Huu ni wa kushoto. Na huu wa kunipungia ndio wa kulia. Nimeondoa neno langu." Alisema kwa mdomo. Nikamuuliza, "Sasa nikitaka kulia nilie na upi?" Akasema nilie na wowote, nimwambie tu yeye.

Nilimuuliza kama mtu anaweza kumsahau mtu akiwa ndani ya wingu. Akasema hapana, ila anaweza kudhani yeye ndiye amesahauliwa. Ameomba kituo cha huku chini. Anasema mawingu yanaonekana vizuri ukiwa mbali nayo. Swali la kivuli kulowa bado hajanijibu. Tumesema tutangoja mvua, tukaangalie pamoja.

Tena pale kituoni, alipomaliza kuniambia, Baba akaanza kulia. Alifunika uso kwa mkono mmoja, na ule mwingine ulikuwa umenishika. Watu walikuwa wanaangalia. Nilikuwa na leso yake ya buluu mfukoni. Nikampa. Nikamwambia, Baba, lia tu na yote miwili, leo hakuna wa kupungiwa.

Mimi Pindo